Vidonge Vyangu na Kibuyu cha Mama Mukwe

Siku damu yangu ya mwezi iliporudi, nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wa mama mukwe, kisabo kwenye mapaja, ninasuka maziwa. Kisabo ni kile kibuyu kikubwa ambamo mtindi unasukwasukwa mpaka siagi inajitenga. Nilisikia kitu nilichokuwa nimekisahau, nikajua papo hapo ni nini. Sikushtuka, daktari alikuwa ameniambia kwamba itakuja. Niliendelea kusuka mpaka siagi ikatoka, nikaiosha kwa maji baridi, nikaifunika kwenye sahani. Kisha nikaenda kujisafisha, na njiani nilikuwa ninacheka peke yangu, maana nilijua vita gani ilikuwa inakuja katika ile nyumba.

Niseme kwanza mimi ni nani pale. Nimezaliwa upande wa Muheto, kwa watu wa jembe, watu wa maharagi na viazi. Nikaolewa huku juu kwenye malisho, kwa watu wa ng'ombe. Kwetu maziwa ni kitu cha kunywa tu. Huku maziwa yako na sheria zake. Mwanamke aliye katika mwezi hagusi chombo cha maziwa, hakaribii ng'ombe wakati wa kukamuliwa, na maziwa yenyewe hanywi. Wanasema ng'ombe atakauka, ao atatoa damu kwenye chuchu. Na hawa ni watu wa kanisa, kila Jumapili wako benchi ya mbele! Miaka yote ya uzazi wangu, siku zangu zikifika, nilikaa pembeni na chai kavu, isiyo na maziwa, na kila mtu alijua kwa nini ninakunywa chai kavu. Watoto walijua. Shemeji yangu, mdogo wa bwana wangu, alijua. Hata yule kijana wa kununua maziwa, mwenye kufungafunga mitungi kwenye pikipiki, alijua mwezi wangu umefika. Hebu fikiri wewe mwenyewe, mwili wako utangazwe kwenye kikombe.

Lakini mwezi ukikukatika, pale njo unapanda. Mama mukwe anakukabidhi kisabo. Na mwenye kisabo haishii kwenye siagi. Wanaume wakikaa kuongea habari ya ng'ombe, yupi auzwe, yupi apelekwe kwenye mahari, wahamie malisho gani wakati wenye bunduki wamefunga njia, mwenye kisabo anaketi nao na anaulizwa. Akisema hapana, ng'ombe haendi sokoni. Nilingoja ile nafasi tangu nikiwa bibi arusi. Mwezi uliponyamaza, mama mukwe akangoja mpaka akaridhika, kisha akaniita mbele ya wote akaniwekea kisabo kwenye mapaja. Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa furaha.

Furaha yenyewe sikuila. Moto ulinishika. Huku kwetu juu kuna baridi, watu wanavaa makoti mchana, na mimi nilikuwa ninatoka nje kukaa kwenye majani yenye umande, jasho linanitiririka mgongoni. Usingizi ulinikimbia. Vidole viliniuma mpaka kushika kisabo ikawa kazi. Nilimfokea kila mtu, nikawafokea hata ndama. Na kulala na bwana wangu kulinichoma, mwanaume ambaye nilikuwa bado ninamtaka, tukabaki tunageuziana migongo, na hakuna kati yetu aliyejua aseme nini. Kwenye kituo cha afya walinipima malaria. Malaria haikuonekana, wakanipa dawa ya malaria. Mama mukwe akaniambia, "Mukazana wangu, huo njo uzee. Vumilia. Sisi wote tulivumilia." Mukazana ni mke wa mtoto wake, njo jina alilonipa tangu siku ya kwanza.

Vumilia! Mimi neno hilo nimelila tangu utoto, nimeshiba. Nilimwambia bwana wangu ninashuka Goma kuona daktari wa wanawake. Aliniangalia, akaona sina mchezo. Akasema, "Twende." Tukapanda moto, zile pikipiki za kubeba watu, kila mtu na motari wake, tukashuka kupitia Sake, matope mpaka magotini na baria za kufunga njia kila penye kona, na kila baria wanauliza mama huyu anaugua nini. Kwenye ya mwisho nilijibu, "Ninaugua maswali." Bwana wangu akanifinya mkono ninyamaze.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza. Nikasema moyoni, haya, huyu naye atanipima malaria. Hakunipima malaria. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mwezi ulikatika lini? Ninavuta tumbaku? Mguu ulishawahi kuvimba na kuganda damu? Ini langu? Katika jamaa kuna kansa? Akanifunga mkono akapima tansio, yaani nguvu ya damu, akanibonyeza matiti pole pole akiwa anaangalia pembeni, akayasikiliza kwa vidole.

"Mama, kizazi uko nacho bado? Hawakukupasua wakakitosha?"

"Niko nacho."

"Basi nitakupa homoni mbili. Mwili wako umepunguza kuzitengeneza, njo maana ya huo moto. Ile moja peke yake ingetosha kuzima moto, lakini inanenepesha ngozi ya ndani ya kizazi, na mwisho inaweza kuleta kansa. Ile ya pili inakilinda."

Nikamuliza zitanifanyia nini. Akasema moto utapungua, usingizi utarudi, ukavu wa ule upande wa bwana utapungua, na mifupa itashika nguvu wakati ninazikunywa. Nikasema basi lete! Akainua mkono.

"Ngoja kwanza, Mama. Sitaki kukudanganya. Damu inaweza kuganda kwenye mguu ao kwenda mpaka kwenye mapafu. Kiharusi kinaweza kukupata. Na kansa ya titi, hatari yake inapanda kidogo kadiri miaka ya kukunywa inavyozidi. Kuna zingine za kupaka kwenye ngozi, hizo kwa damu kuganda ni nzuri zaidi, lakini kwa sasa hapa Goma sizipate. Kwa mwanamke wa umri wako, mwenye mwezi umekatika juzi juzi, na tansio yako iko muzuri, mara mingi faida inapita hatari. Kwa mwingine haipite. Mimi nakuambia, kisha wewe njo utachagua."

Nilimkumbuka dada ya mama yangu, ambaye alikufa na kidonda cha titi. Nilikuwa msichana, njo mimi niliyemwosha. Ile harufu haijanitoka puani mpaka leo. Nikamwambia daktari. Akaniuliza alikuwa na umri gani, na kama mama yangu ao dada zangu waliugua. Nikasema alikuwa muzee, na wengine hapana. Akafikiri. Akasema hiyo haifungi mlango, lakini lazima nirudi aniangalie kila mwaka, na mimi mwenyewe nijishike matiti kila mwezi. Donge likionekana, nisingoje maombi ya Jumapili. Mguu mmoja ukivimba, kifua kikibana, ulimi ukilegea, nikimbie hospitali. "Na Mama, kwa hii aina, damu itarudi mwisho wa kila pakiti. Hiyo ni ya kawaida, na haimaanishi uzazi umerudi. Lakini damu ikikuja siku zingine, usinyamaze."

Niliogopa, msidhani sikuogopa. Lakini nawaambia kitu kimoja: tangu nizaliwe, watu walikuwa wanachagua yaliyo mazuri kwa mwili wangu, kisha wananiletea amri. Yule binti aliniwekea mazuri na mabaya yote mkononi, kama unavyompa mtu mzima mwenzako, akaniachia nichague. Bwana wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikasema, "Nipe."

Mwanzo matiti yaliniuma na kichwa pia. Kisha, polepole, nikalala. Weee! Nililala mpaka jogoo akachoka. Niliamka shuka likiwa kavu, nikakaa kitandani ninaligusagusa kwa mkono. Na ule upande wa bwana wangu, acha nifunge mdomo, watoto wangu wanasoma. Niseme tu kwamba alianza kupiga mluzi akienda kukamua.

Sasa turudi kwenye siku ile ya damu. Ningeweza kuficha. Nani angejua? Mwanamke aliyeshika kisabo hachunguzwi tena. Lakini nilikataa kuwa na kisabo cha wizi. Jioni ile, wote wakiwa kwa mama mukwe, nikasema wazi kwamba ninakunywa dawa ya homoni, kwamba damu inarudi kila mwisho wa pakiti, na kwamba haina maana yoyote isipokuwa ile aliyosema daktari.

Shemeji yangu alianza kwa kucheka. "Kumbe! Kaka, utapata katoto ka mwisho!" Nikamwambia hakuna mtoto. Kicheko kikamwisha. Akasema ana ng'ombe karibu kuzaa, na mimi nimeshika kisabo na damu, na kitu kikimpata ng'ombe wake nani atajibu? Mama mukwe ni mwanamke mkali, lakini hana makelele. Mgongo wake umekunjika kwa miaka, akitaka kukuangalia usoni lazima apinde shingo pembeni. Akapinda shingo akaniangalia.

"Mukazana, uache hiyo dawa."

"Mama, siwezi."

"Basi kisabo kirudi."

Bwana wangu akafungua mdomo. "Mama, yeye alikuwa anaugua..." Mama yake akamkatiza kwa mkono, naye akaufunga. Sikumchukia. Alijaribu, na kwa mama yake kujaribu ni kitu kikubwa.

Nilisimama nikaleta kisabo mimi mwenyewe. Kwa hasira nikakibana kifuani nisije nikakipasua. Nikakiweka mbele yake. "Hiki hapa. Vidonge ninabaki navyo."

Na hakukuwa na mwanamke mwingine wa kukishika. Bibi ya shemeji bado anazaa. Kwa hiyo mama mukwe akaanza tena kusuka yeye mwenyewe, na ule mgongo. Jiko langu liko karibu na nyumba yake. Nilisikia kisabo kikigugumia, kisha kinanyamaza, anapumzika, kisha kinaanza tena. Siagi ilichelewa kutoka, siku zingine haikutoka kabisa, maziwa yakamwagiwa mbwa. Iliniuma, sitawaficha. Kuna siku nilifika mpaka mlangoni pake na mikono imenyooka, nikamkuta ameegemea ukuta na kisabo kimelala pembeni yake. Akasema, "Imekatika?" Nikasema, "Hapana." Akageuza uso. Nikarudi jikoni kwangu nikakoroga ugali mpaka mwiko ukavunjika.

Habari ya vidonge ilitembea, bila shaka. Wanawake walikuja kwangu mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, huyu chumvi, huyu moto wa kuwashia. Mwisho wananong'ona, "Nikatie nusu tu." Huku dawa inagawanywa jirani kwa jirani, ile ya minyoo, ile ya meno, yote. Nikakataa. Jirani yangu mmoja tansio yake inapanda mpaka anaanguka, na mguu wake ulishaganda damu alipozaa. Nikamwambia hiki kinachoniponya mimi kinaweza kukuzika wewe, nenda Goma uulize. Akaniita mchoyo. Kanisani akahama benchi. Haya, ahame, lakini yuko hai.

Kilichonichoma zaidi ni ng'ombe. Walikaa kuongea bila mimi. Shemeji alikuwa anataka kuuza ng'ombe wawili wa maziwa, wale wazuri kabisa, anunue moto ya kubeba watu. Moto, kwenye njia zile zenye kufungwa leo na kufunguliwa kesho! Mimi nilikuwa jikoni ninasikia sauti zao, na neno langu halina mahali pa kuketi. Mama mukwe akasema wangoje. Alikuwa anachoka, na wote tuliona kwamba hatawazuia muda mrefu.

Mwaka ulipofika, nikashuka tena Goma. Daktari akanipima yote, matiti, tansio, kizazi. Akasema niko muzuri. Nikamuliza juu ya mama mukwe, ule mgongo. Akasema mifupa ya mwanamke inakonda mwezi ukikatika, na ya mgongo inajikunja yenyewe kidogo kidogo, hata kama hajabeba mzigo. Nikasema basi naye nimpelekee vidonge? "Hapana, Mama. Kuanza kwa umri ule, hatari inapita faida. Akunywe maziwa, aote jua, asianguke, na mumulete, kuna dawa zingine za mifupa." Niliumia. Alikuwa amechelewa, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu cha kuwahi.

Kisha akaniambia habari yangu. Kwamba sasa, kwa kuwa muda umepita, naweza kubadilisha, kuna aina ambayo homoni zote mbili unakunywa kila siku bila kukatiza, na mara mingi damu inakoma kabisa baada ya miezi. Ao nibaki na ile ya zamani. Ao niache zote nione mwili unasema nini. Nilikaa pale nikafikiri. Damu ikikoma, kisabo kinarudi. Rahisi namna ile! Nikachagua. Nilichochagua daktari anakijua, na bwana wangu anakijua.

Miezi ilipita. Siku moja asubuhi, wakishamaliza kukamua, mama mukwe akatuita. Nikajua ni ng'ombe wale wawili. Nilikuta kisabo mbele yake, kimejaa, kimefungwa. Shemeji alikuwa amevaa koti lake la sokoni. Mama mukwe akapinda shingo.

"Mukazana, mgongo umekataa. Nataka nikurudishie hii kitu. Uniambie tu mbele ya hawa batoto. Damu imekatika?"

Wote wakaniangalia. Bwana wangu naye aliniangalia, na alikuwa anajua jibu, na hakulisema. Neno moja tu lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni. Na pale njo nikaona, kama mtu aliyeamshwa, kwamba nikijibu leo nitajibu mpaka kufa kwangu. Watakuwa wananiuliza kila wakichukia neno langu. Mwaka uliopita niliwaambia kwa sababu sikutaka kuficha. Lakini kuficha ni kwa mtu mwenye kuogopa. Mimi sikuwa ninaogopa tena.

"Mama," nikasema, "hilo sitalijibu."

"Nini?"

"Sitalijibu. Ukinipa kisabo, unipe kwa sababu ninajua kusuka, na siagi yangu unaijua. Habari ya damu yangu imekwisha katika hii nyumba. Ikiwako ni yangu, isipokuwako ni yangu."

Shemeji akaruka. "Tuko na haki ya kujua! Ng'ombe ni ya jamaa!"

"Shemeji," nikamwambia, "wewe siku hizi unatoka kukojoa kila saa, tunasikia mlango wako. Mkojo unakuja matone matone. Kuna mtu amekuuliza umekojoa namna gani kabla hujashika chuchu za ng'ombe?"

Bwana wangu alicheka mpaka akakohoa. Shemeji aliona haya mpaka masikioni. Na mimi nilijua nimetupa kisabo mara ya pili, na safari hii hakitarudi.

Mama mukwe hakucheka. Aliweka mkono juu ya kisabo. Nilianza kusimama nijiendee. Akasema, kwa sauti ndogo, si kwangu, ni kwa watoto wake:

"Mie walinihesabu damu tangu nikingali msichana. Mama wa baba yenu alikuwa anaangalia hata nguo zangu kwenye kamba. Siku ilipokatika, nilifurahi juu ya kuwa hawatanihesabu tena." Akakisukuma kisabo kwa mguu kuja kwangu. "Suka."

Nikaketi. Nikakipandisha kwenye mapaja nikaanza, na shemeji akatoka na koti lake la sokoni, bila ng'ombe, maana wakati ninasuka niliulizwa habari ya wale wawili na nikasema hapana. Siagi ilitoka nzuri, ya njano. Mama mukwe njo alikuwa wa kwanza kunyoosha kikombe kwa maziwa yaliyobaki. Akakunywa mpaka mwisho, akanirudishia kikombe, nikamjazia tena.

Shemeji mpaka leo akija kwetu anakunywa chai kavu. Anajilinda. Hatumcheki, tunamwekea sukari.

Na siku ile, nilipokuwa na kisabo kwenye mapaja, damu ilikuwako ao haikuwako? Najua unataka kujua. Umesoma mpaka hapa, na swali limekukaa kooni vilevile lilivyowakaa wao. Basi hata wewe sikuambii.